Kilo ya nini?

Asubuhi moja katika parseli yetu, hapa komine ya Mangobo, watu watatu walitamka neno moja mbele chai haijaiva. Mama jirani alikuwa anafunga mutoto mugongoni, akasema: « Leo ninaenda ku kilo. » Kijana mumoja aliyefika usiku kutoka karieri za upande wa Bafwasende akainua kichwa mbio: « Kilo ya nini, mama? Ya zahabu? » Wote tukacheka. Papa muzee aliyekaa karibu na mulango naye akaongeza: « Mie nilizaliwa Kilo, lakini hata gramu moja ya zahabu sikupata. »

Mama alisema juu ya siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya. Kijana aliwaza zahabu. Muzee alitaja mahali alipozaliwa. Neno ni moja, herufi 4 tu, na kila mutu alikuwa na kilo yake. Tangu siku ile ulizo la yule kijana halitoki katika kichwa changu. Katika kazi ya sendika nimeona ya kwamba ndilo ulizo sisi wachimbaji tunasahau kila siku: kilo ya nini, na imepimwa na mizani gani?

Kilo maana yake elfu moja

Neno lenyewe lilitoka kwa Wagiriki wa zamani. Kwao lilikuwa na maana ya elfu moja, basi. Wafaransa walilichukua wakati wa mapinduzi yao. Mbele ya pale, katika Ufaransa kila muji na kila soko lilikuwa na kipimo chake, na mwenye shamba alichagua kile kinachomufaa yeye. Mulimaji analeta ngano, kipimo kinakuwa kikubwa. Anakuja kununua, kipimo kinakuwa kidogo. Wadogo walilia sana juu ya jambo lile. Tarehe 7 aprili 1795 sheria ikaweka vipimo vipya vya inchi nzima: meta, litre, gramu. Na kwa kusema elfu ya kitu, wakatia neno kilo mbele yake.

Kwa hiyo kilo peke yake si uzito. Ni hesabu inayongojea mukia. Ukitia gramu nyuma yake, unapata gramu 1000. Ukitia meta, unapata meta 1000. Sisi katika soko tumekata mukia, tunasema « kilo mbili za muchele », kila mutu anasikia. Lakini wenye elimu hawakati mukia ule, na wako na sababu.

Angalia namna neno hili linavyotembea hapa kwetu. Kwenye barabara zinazotoka Kisangani tunataja mahali kwa PK: ni pointi ya kilometa, kuhesabu toka muji. Njia ya gari la moshi mpaka Ubundu, iliyojengwa kwa kupita maporomoko ya Boyoma na kumalizika mwaka 1906, iko na kilometa 125. Kilo ile ni ya njia.

Kwenye faktire ya umeme kuko kilo ingine: kilowati-saa. Wati ni nguvu ambayo chombo kinakula. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa moja nzima, imekula kilowati-saa 1. Taa ndogo ya wati 10 inaweza kuwaka saa 100 mbele ya kufika kiasi kile kile. Mutu asiyejua hilo anagombana na watoto juu ya taa, na pasi inamumaliza. Barrage yetu ya Tshopo, hata mashine zake zote 3 zikizunguka, haifiki kilowati 20 000. Ugawe kwa nyumba za muji huu wote, utaelewa juu ya nini giza linatutembelea.

Wenye radio za zamani wanakumbuka herufi kHz karibu na namba: ni kilohertzi, maana yake mawimbi 1000 katika sekunde moja. Kwenye telefone kuko kilobaiti. Kwa miaka mingi mafundi wa ordinatere waliita kilobaiti vipande 1024, kwa sababu mashine zile zinahesabu kwa mbili mbili. Mwaka 1998 wakubwa wa vipimo vya umeme wakakataa muchanganyo ule: 1024 wakaipa jina lake, kibi, ili kilo ibaki 1000. Na chakula kuko na kilokalori: ni moto unaotosha kupandisha kilo 1 ya maji digrii moja. Kwa kilokalori ndiyo waganga wanahesabu kama mutu wa kazi nzito anakula vya kutosha.

Kilo moja inatuhusu sisi wachimbaji kwa namna ya uchungu: kilotoni. Ni kipimo cha bomu, sawa na tani 1000 za baruti kali. Bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 agosti 1945 lilikuwa na nguvu ya kilotoni 15 hivi. Ndani yake mulikuwa kilo 64 tu za uranium. Na sehemu kubwa ya uranium ambayo Waamerika walitumia katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga, mikononi mwa Wakongomani. Wale waliopakia mawe katika mifuko walijua kilo za mifuko. Kilo ingine ile, ya bomu, hawakuambiwa.

Kilo ya papa muzee

Na Kilo ya papa jirani? Ile haina hesabu ndani. Ni jina la mahali katika Ituri, teritware ya Djugu, kwa Wanyali. Mpaka leo kuko sekta inayoitwa Banyali-Kilo. Mwaka 1903 wageni walipata zahabu katika mito ya kule, na nyuma yake wakapata ingine upande wa Moto, katika Uele. Wakaunganisha majina mawili: Kilo-Moto. Mwaka 1926 ikawa sosiete kubwa, mwaka 1966 Serikali ikaifanya OKIMO, na leo tunaiita SOKIMO. Mugodi mukubwa wa Kibali, ulioyeyusha zahabu yake ya kwanza mwaka 2013, uko katika nchi ile ya Moto.

Watu wengi wanafikiri jina Kilo lilitoka kwa kilo za zahabu. Hapana. Na Moto si ule moto wa kupikia, wala si « moto » ya Lingala, yaani mutu. Ni majina ya wenyeji, yalikuwako mbele ya muzungu kufika na mizani. Papa muzee alieleza hivi: « Waliandika kilo walizotoa Kilo katika mabuku yao mwaka kwa mwaka. Kilo za migongo yetu, nani aliziandika? »

Ulizo lake ni la sendika, na liko na jibu. Mwaka 1967 Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mapatano juu ya muzigo ambao mutu mumoja anaweza kubeba, na pamoja nayo shauri namba 128. Shauri lile linasema muzigo wa mwanaume mukubwa usipite kilo 55, na wanawake na vijana wabebe kilo chache zaidi, chache sana. Nani kati yetu hajaona mufuko wa muchanga unaopita kilo 55 juu ya mabega ya mutoto wa miaka 16? Katika karieri tunahesabu mifuko, hatuhesabu kilo. Mwenye kulipa kwa mufuko anapenda mufuko ukue; mwenye kuubeba analipwa sawa. Bei ingehesabiwa kwa kilo, mufuko ungepungua wenyewe.

Kilo inayolindwa na funguo 3

Mutu anaweza kuuliza: hiyo kilo ya uzito, nani anaijua kwa kweli? Mwanzoni waliitafuta katika maji. Gramu ilikuwa uzito wa maji yanayojaa sanduku dogo la santimeta 1 kila upande. Kwa hiyo litre 1 ya maji ni kilo 1. Ushike jambo hili vizuri, tutalirudilia.

Nyuma yake wakaona maji yanasumbua, wakatengeneza kipande cha chuma cha platini kuchanganya na iridi, kirefu santimeta 4 kasoro kidogo. Tangu mwaka 1889 kipande kile kilikuwa ndicho kilo ya dunia. Kilifungiwa chini ya ardhi karibu na Paris, na kufungua kulihitaji funguo 3 za watu tofauti. Inchi nyingi zilipewa mapacha yake. Lakini walipolinganisha mapacha na kile cha kwanza, waliona ya kwamba kwa muda wa miaka mia hivi yameachana karibu maikrogramu 50, maana yake sehemu 50 za gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Hakuna mwizi aliyeingia. Chuma chenyewe kilibadilika, na hakuna aliyejua ni kipi kilichopungua na kipi kilichozidi.

Kwa kitu kidogo vile, wakubwa wa vipimo wa inchi nyingi walikutana Versailles. Tarehe 16 novemba 2018 wakapiga kura, na tangu tarehe 20 mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha chuma. Inatafutwa kwa namba moja ya asili isiyobadilika, namba ya Planck, na mizani inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme. Maabara ya inchi yoyote iliyo na vyombo inaweza kuipata, bila kuomba ufunguo kwa mutu.

Nilipoeleza hadisi hii katika mukutano wa wachimbaji, mumoja akasema: « Wao wanakutana dunia nzima juu ya maikrogramu 50. Sisi tunaibiwa gramu 2, tunanyamaza. » Alisema kweli, na mie ninaijua kwa mwili wangu.

Gramu 2

Mwaka 2009 tulikuwa watu 5 katika shimo moja. Nyuma ya majuma 6 tulipata zahabu ambayo mizani ya mwenye duka wa kijiji ilisema ni gramu 12. Tukaenda kwa munegosia. Mizani yake ya betri ikaandika 10. Tukasema hapana. Akatuangalia kwa upole, akasema: « Mizani za kijijini ni za kupimia chumvi. Hii yangu ilitoka Ulaya. » Tukakosa jibu. Tulikuwa na njaa na madeni, tukauza.

Mwenzetu mumoja bibi yake alikuwa amezaa, na kituo cha uzazi kilikuwa kimemuzuiza mpaka alipe. Sehemu yake ya zile gramu 2 ndiyo feza iliyokosekana. Mama yule alikaa pale siku 9 zingine, na mutoto mikononi. Kwa hesabu, gramu 2 juu ya 12 ni moja juu ya sita: kila siku 6 unazochimba, moja ni bule. Lakini mwenzetu alihesabu zile siku 9.

Dawa ya jambo hili sikuipata katika sendika. Niliipata ku kilo, miaka iliyofuata, nilipopeleka mutoto wangu siku mama yake alikuwa mugonjwa. Nilifika mapema. Mama muuguzi, mbele ya kupima mutoto yeyote, alitundika kwenye mizani bido ya litre 5 yenye kujaa maji. Juu ya bido alikuwa ameandika uzito wake ikiwa tupu. Akasoma, akakaza parafujo kidogo, akasoma tena. Nikamuuliza: mama, unapima maji? Akajibu: « Ninapima mizani. Litre 5 ni kilo 5. Mizani ikiniambia ingine, inanidanganya, na mie nitadanganya mutoto. »

Akanieleza kwa nini hachezi nayo. Mutoto aliyezaliwa na kilo chini ya 2,5 anahitaji uangalizi wa pekee. Mutoto ambaye kilo zake hazipandi mwezi kwa mwezi iko na ugonjwa au njaa, hata kama anacheka. Na dawa inafuata kilo: ile ya malaria yenye artemeteri na lumefantrini, mutoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapewa kidonge 1 kila mara, wa kilo 15 mpaka chini ya 25 anapewa 2. Mizani ikimukatia mutoto wa kilo 15 kilo moja, anapata nusu ya dawa, na malaria inabaki.

Nikamueleza mambo ya gramu 12. Akacheka, akafungua kabati, akanipa seringi mupya ya mililitre 10. « Ni maji yale yale », akasema. Mililitre 1 ya maji ni gramu 1.

Namna ya kupima mizani

Ndugu wachimbaji, mukate sehemu hii, muiweke katika mufuko wa shati.

Kwa mizani ya betri: weka juu yake kifuniko kikavu cha chupa, kisha ufinye ya kuirudisha kwa sifuri. Vuta maji safi mililitre 10 katika seringi, gonga ili hewa itoke, angalia mustari vizuri, kisha umimine yote katika kifuniko. Mizani inapaswa kuandika karibu gramu 10. Seringi si chombo cha maabara: ikiandika 9,8 ao 10,2, usigombane na mutu. Ikiandika 8,5, chukua zahabu yako, uage kwa heshima, uende.

Kwa mizani ya masahani mawili: weka zahabu upande wa kushoto na mawe ya kupimia upande wa kuume mpaka yatulie. Kisha uyahamishe, zahabu kuume na mawe kushoto. Kama mukono mumoja wa mizani ni murefu kuliko mwingine, utaona palepale, haitatulia tena. Na kama wanapima kwa njiti za kiberiti, ujue ya kwamba hakuna njiti mbili zilizo na uzito sawa.

Mizani ya maduka ya muchele unaipima kwa chupa ya litre 1 na nusu: kwanza ikiwa tupu, kisha ikijaa. Tofauti inapaswa kuwa kilo 1 na nusu.

Wanegosia wengine watakuambia ya kwamba mizani ya Ulaya inapima namna ingine hapa kwetu. Kuko ukweli kidogo ndani, basi tuuseme wote. Dunia haivuti vitu kwa nguvu moja kila mahali. Karibu na mustari wa ikweta inavuta kidogo zaidi, na Kisangani iko nusu ya digrii tu toka mustari ule. Mizani ya betri iliyorekebishwa Paris, ukiileta hapa bila kuirekebisha tena, itasoma kilo 1 kama gramu 997 hivi. Ni gramu 3 juu ya kilo nzima. Juu ya gramu zetu 12 ingekuwa chini ya sehemu 4 za gramu iliyogawanywa mara 100. Ikweta haikuiba gramu 2. Aliyeziiba alikuwa mutu.

Jueni pia mukia wa kilo katika kazi yetu. Tola 1 ni gramu 11,66. Kilo ni karibu tola 86. Onzi ya zahabu, ile wanayotaja kwa radio wakisema bei ya dunia, ni gramu 31,1; kilo ni onzi 32 na kidogo. Karati ya almasi, ile tunayoita diama, ni gramu 0,2. Kwa hiyo kilo ni karati 5000. Mutu akitoa bei kwa kipimo kimoja na kupima kwa kingine, simamisha kwanza, fanya hesabu juu ya karatasi mbele yake.

Sendika inaomba mambo matatu, na hayahitaji feza nyingi. Kila mahali pa kununua pawe na mawe ya kupimia yaliyohakikishwa, na muuzaji awe na haki ya kuyagusa. Mizani ipimwe mbele ya macho ya muuzaji, mbele ya zahabu yake kupimwa. Na gramu ziandikwe juu ya karatasi pamoja na bei, karatasi ibaki kwa mwenye kuuza. Munegosia wa haki hatapoteza kitu hapo. Kuko wale wanaofanya hivyo tayari, na wachimbaji wanawajua, wanatembea mbali kuwafikia.

Hapa Kisangani tunasema pia « mutu wa kilo », mutu ambaye maneno yake yako na uzito. Kilo ile haiingii ku mizani, lakini nimeona mahali inapoanzia. Yule kijana wa Bafwasende alirudi karieri juma lililopita. Mama jirani alimupa mikate ya njiani, mie nikamupa seringi. Aliigeuza geuza, akauliza kama ni dawa. Nikamuambia ni maji tu, lakini munegosia akiiona katika mukono wako, atakusalimia vizuri.